Mafuta ya Bata Bukini

Saa kumi na moja alfajiri, Szeged.
Ukungu wa mto Tisza umeegemea madirisha ya maabara
kama mgeni asiyejua kubisha hodi.
Emőke anafungua kabati la joto,
nyuzi thelathini na saba, si pungufu wala zaidi,
joto la kwapa, la mtoto aliyelala,
anatoa visahani ishirini na vinne.

Humo mna seli za ini.
La nani, hakuna aliyewahi kumwambia.
Mtu fulani alikufa zamani
na ini lake likakataa kuandamana naye.

Jumatatu alizitilia kizuizi:
unga mweupe usiojaza ukucha wa kidole cha mwisho.
Kazi yake ni ya kijiti katika tundu la kufuli.
Kimeng'enya kile kiungacho asidi za mafuta,
kaboni mbili, tena mbili, tena mbili,
mithili ya mtu atungaye shanga gizani
hadi zitimie kumi na sita,
kinaingiwa na kijiti, kinakwama,
ushanga huku, uzi kule.

"Zitakonda," alisema Daktari Szilveszter,
akaenda zake kunywa kahawa.

Leo anazitia rangi nyekundu,
ile ipendayo mafuta na kuyasusia maji.
Anainamia darubini.
Matone.
Machache kuliko ya juzi, lakini yapo,
mekundu, yametulia,
kama pilipili ya unga juu ya mchuzi wa samaki.
Kufuli limefungwa na nyumba imeshiba!

Akahesabu upya. Akabadili glavu.
Akasoma kibandiko cha chupa herufi kwa herufi,
akamshuku mizani, akajishuku mwenyewe.

Tangu Februari, tangu baba azikwe,
mama yake Etelka hajawasha jiko.
Sufuria zimepangwa kwa ukubwa, zimenuna.
Lakini kila Jumapili Emőke akifungua friji
anakuta supu isiyo na mwandiko wa mama,
kabichi iliyokatwa na mkono mwingine,
chupa ya mafuta ya bata bukini
yenye kifuniko cha jamu ya jirani Juliska.
Mama hapiki. Mama hajalala njaa.

Hapo ndipo alipoitazama chupa ya waridi,
mchuzi wenyewe wa kukuzia seli:
sehemu moja katika kumi ni seramu ya ndama,
na ndama hakuja mikono mitupu.
Seli zilizonyimwa kujipikia
zilikuwa zimefungua milango, zinapokea.

Akaagiza seramu iliyokamuliwa mafuta yote.
Siku tatu.
Ya kwanza, matone yakafifia.
Ya pili, kweupe, kama ukuta uliopakwa chokaa.
Ya tatu, seli zikaanza kuachia sakafu ya kisahani
moja moja,
zikiviringana, zikielea,
wala si kwa fujo.

Katika nusu ya visahani alikuwa ametia mapema
asidi ya kaboni kumi na sita,
ile ile ambayo zingejitungia,
kidogo tu, imebebwa na protini
kama mtoto mgongoni.
Hizo zilibaki zimeshikilia chini.
Kizuizi kilikuwa kile kile. Kijiti kilikuwa tunduni.

Katika daftari aliandika:
*Hakiui kizuizi peke yake. Sharti pia asije mtu.*
Akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka,
akaandika asilimia, akaandika tarehe,
akaacha nafasi ya sahihi ya Daktari.

Saa mbili usiku akapiga simu.
"Juliska ameleta nini leo?"
"Mafuta ya bata tena. Chumvi imezidi."
"Na mkate?"
"Upo. Wa jana."
"Kitunguu?"
Kimya. Droo ikavutwa. Kisu kikagonga ubao,
mara moja,
kisha mara nyingi.